Ufunguo wa Jengo Jipya ni wa Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Nataka tulitazame pamoja swali linaloonekana dogo, lakini ukilivuta kidogo linatoka na mizizi mirefu. Waislamu wakichangia sehemu kubwa ya jengo la wanafunzi katika chuo kisicho cha Kiislamu, je, wanafunzi Waislamu wana haki ya kwanza juu ya jengo hilo?

Swali hili sikulitunga. Katika chuo kimoja cha ufundi hapa Gisenyi limefunguliwa jengo jipya la wanafunzi. Si kubwa. Lina ukumbi wa kusomea wenye meza na soketi za umeme, chumba kidogo cha kuswalia, mabomba ya kutawadhia, vyoo vya wavulana na vya wasichana, na jiko la kuchemshia chai. Wanafunzi Waislamu chuoni hapo ni wachache, kama tulivyo wachache Rwanda nzima, ambako sensa hutuhesabu takriban asilimia 2. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa Waislamu wa mji: wenye maduka, wenye magari ya mizigo, akina mama wa sokoni, na michango midogo midogo iliyokusanywa baada ya swala ya Ijumaa. Chuo kilitoa kiwanja, wanafunzi wakatoa mikono yao.

Siku ya ufunguzi ilipita kwa heri. Zikasomwa dua, zikatolewa hotuba, utepe ukakatwa, watu wakanywa soda wakaenda zao. Mzozo ulianza wiki iliyofuata, nao ulikuwa juu ya ufunguo. Baadhi ya ndugu zetu walisema ufunguo ukae kwa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, Waislamu waingie kwanza, na wengine wapate nafasi zitakazobaki. Wengine wakasema tuukabidhi ofisini tuondokane na maneno. Kwa kuwa mimi nasoma masomo ya dini, wakaniuliza sharia inasemaje, ingawa mkono wangu haujawahi kushika mwiko wala bisibisi. Jibu langu la mdomo lilikuwa fupi. Hili ndilo jibu lenyewe.

Hoja ya wanaoutaka ufunguo

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaosema ufunguo ni wetu, kwa sababu hoja yao si ya uchoyo. Ina historia nyuma yake.

Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari waliozungumza Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah mjini Kigali ulijengwa mwaka 1913. Chini ya Wabelgiji, elimu ilikuwa zaidi mikononi mwa wamisionari. Waislamu waliwekwa katika mitaa yao, ile iliyoitwa kambi za Waswahili, na mlango wa shule mara nyingi ulikuwa na sharti la ubatizo. Mzazi aliyekataa sharti hilo alibaki na mtoto nyumbani. Ndiyo maana wazee wetu wengi walikuwa madereva, makanika, mafundi cherehani na wachuuzi. Walijifunza kazi chini ya gari na nyuma ya mashine, bila cheti. Leo mjukuu wa makanika huyo anasomea umeme au ujenzi chuoni, anapata jengo lililotokana na jasho la Waislamu wenzake, kisha anaambiwa apange foleni kama kila mtu. Ukiona anakunja uso, mwelewe.

Hoja yao ina upande wa fiqhi pia. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mwenye kuweka wakfu ana haki ya kuweka masharti yake. Akisema nyumba hii ni ya mayatima wa mtaa fulani, haiwi ya wafanyabiashara wa mtaa mwingine. Kuna kanuni mashuhuri inayoyapa masharti ya mwekaji wakfu uzito mkubwa, karibu na uzito wa nassi yenyewe katika kufuatwa kwake. Basi mtu akiweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi Waislamu peke yao, wakfu wake ni sahihi, na hakuna wa kumlaumu.

Funzo kutoka Mombasa

Afrika Mashariki imewahi kufanya jambo hilo hasa, na kwa ukubwa. Mjini Mombasa, eneo la Tudor, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 chuo kilichojulikana kwa kifupi kama MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Lengo lake lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, kwa sababu walikuwa wameachwa nyuma na mfumo wa shule za misheni, kama wazee wetu huku.

Tazameni waliotoa fedha. Alikuwamo Sultani wa Zanzibar, ambaye alikuwa Ibadhi. Alikuwamo Aga Khan, imamu wa Waismailia. Ilikuwamo jumuiya ya Mabohora. Na serikali ya kikoloni ya Uingereza nayo ilitia mkono. Wengi wa vijana waliotarajiwa kufaidika pwani ile walikuwa Masuni wa madhehebu ya Shafi. Kila mtoaji angedai ufunguo uwe kwa watu wa madhehebu yake, chuo kisingepata hata msingi. Kabla mlango haujawatazama wasio Waislamu, ulikuwa tayari umewataka Waislamu wenyewe wavumiliane.

Kisha nyakati zikabadilika. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1966 chuo kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, kikipokea wanafunzi bila kujali dini wala rangi. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapanda kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Mtu anaweza kuitazama historia hii akaona hasara: jina la Uislamu limeondoka mlangoni. Sioni kwamba anayesikitika hivyo anakosea kabisa, kwa sababu kitu kilichotolewa kwa nia fulani kinastahili kukumbukwa kwa nia hiyo. Lakini tujiulize kwa nini mlango wa MIOME ulikuwa wa Waislamu peke yao. Ulikuwa hivyo kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa illa, sababu iliyojenga hukumu. Katika usuli tunafundishwa kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwapo na isipokuwapo. Kijana wa Kiislamu wa Gisenyi leo haulizwi cheti cha ubatizo akienda kujiandikisha chuo cha ufundi. Anasomea karakana isiyojengwa na Waislamu, kwa vifaa visivyonunuliwa na Waislamu, na hakuna aliyemwambia asubiri nafasi zitakazobaki. Akidai upendeleo katika jengo moja huku akifaidi usawa katika majengo mengine kumi, anatumia mizani miwili, na sote tunajua Qur'ani inavyowaonya wenye kupunja vipimo.

Watoaji walisema nini?

Turudi kwenye kanuni ya masharti, maana ndiyo nguzo ya hoja yao. Niliwauliza vijana wale: tangazo lililosomwa misikitini wakati wa kuchanga lilisemaje? Wakanijibu kuwa lilisema ni mchango wa jengo la wanafunzi wa chuo. Basi hilo ndilo sharti. Mama aliyetoa faranga zake za siku alizitoa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo. Sisi tukija baadaye kuongeza neno "Waislamu", tunabadilisha masharti ya watoaji baada ya mali kutoka mikononi mwao. Kanuni waliyoishika kama ngao inawageukia.

Na waliotoa si wenye fedha peke yao. Matofali ya jengo lile yalipangwa na wanafunzi wa ujenzi. Nyaya zilitandazwa na wanafunzi wa umeme, na mabomba ambayo sisi tunatawadhia yalifungwa na wanafunzi wa ufundi bomba, wakisimamiwa na walimu wao. Wengi wao si Waislamu. Ikiwa mchango ndio unaompa mtu haki ya kuingia, kijana Mkatoliki aliyeunganisha bomba lile ana haki kuniliko mimi.

Lakini tusimame hapo kidogo, kwa sababu naona hata hesabu hii ya nani alitoa nini ina kasoro. Inachukulia kwamba anayetoa sadaka amenunua kitu. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Mtume akamwelekeza, akitaka, aizuie ile ardhi yenyewe na kuyatoa sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake yakaenda kwa mafukara, jamaa, watumwa, wasafiri, wageni na katika njia ya Allah. Kuanzia siku hiyo Umar hakuwa tena mwenye ardhi. Kwake ilibaki thawabu.

Mfano wa Sayyidna Uthman (r.a.) unagusa zaidi. Madina ilikuwa na kisima cha Ruma, na maji matamu yalikuwa shida. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza masahaba: nani atakinunua, na ndoo yake iwe sawa na ndoo za Waislamu wengine? Uthman akakinunua kwa mali yake. Yazingatieni masharti yale. Aliyelipa alikubali tangu mwanzo kwamba ndoo yake haitatangulia. Hakupewa siku yake maalumu wala upande wake wa kisima. Kutoa kwake kulikamilika pale alipopanga foleni na watu.

Je, kuna thawabu kuwapa wasio wetu?

Mmoja aliniuliza: sawa, lakini sadaka ya Mwislamu ikimfaidi asiye Mwislamu, thawabu ipo? Swali hili si geni. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba baadhi ya Waislamu wa mwanzo waliona vibaya kuwasaidia jamaa zao waliobaki katika ushirikina, ndipo ikateremka aya ya 272 ya Sura Al-Baqara, ikiweka wazi kuwa kuwaongoza watu ni kazi ya Allah, na kwamba kheri wanayoitoa waumini inawarudia wao wenyewe. Sura Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani, na mfungwa wa vita wa siku zile hakuwa Mwislamu. Imepokewa pia kwamba Mama wa Waumini Safiyya (r.a.) alimuusia jamaa yake Myahudi sehemu ya mali yake. Na aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahana haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini.

Hapa Rwanda hatuhitaji hata kwenda mbali kutafuta mfano. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Waislamu wengi, ingawa si wote, waliwafungulia milango watu waliokuwa wakiwindwa. Waliofungua hawakuuliza dini ya aliyebisha hodi. Heshima ambayo jina la Mwislamu lilipata katika nchi hii baada ya hapo, kwa sehemu kubwa ilitokana na milango ile. Na mji wetu wa mpakani unaijua kazi ya mlango: Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka usiku kuja upande huu, na wakapokewa. Itakuwa ajabu sisi, watoto wa mji huu, tugombanie mlango wa chumba cha kusomea.

Wale ambao hawajaja

Mpaka hapa tumezungumzia waliopo. Lakini jengo lina watu wengine ambao hawakualikwa siku ya utepe: wanafunzi watakaokuja miaka kumi, ishirini ijayo. Je, mtu ambaye hajafika, pengine hata hajazaliwa, anaweza kunidai haki?

Umar (r.a.) alilijibu swali hili kwa vitendo. Waislamu walipoifungua Iraq, baadhi ya masahaba, akiwemo Bilal, walitaka ardhi ya Sawad igawiwe wapiganaji kama ngawira. Walikuwa na hoja nzito, kwani wao ndio waliopigana. Umar akakataa, na baada ya mashauriano marefu akashikilia aya za Sura Al-Hashr, zinazowataja Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Akauliza, tukiigawa yote leo, watakaokuja watapata nini? Ardhi ikaachwa, kodi yake ikawa ya Waislamu wa wakati ule na wa baadaye.

Hukumu hiyo ikitua kwenye jengo letu inashuka hadi kwenye koki ya bomba. Mwanafunzi anayeacha bomba likivuja, anayechomeka pasi kwenye soketi ya kuchajia simu mpaka ikaungua, anayechora jina lake kwenye meza, anakula fungu la mtu asiyeweza kuja kumshtaki leo. Kwa hiyo wakati sisi tunabishana nani aingie kwanza, swali zito zaidi ni hili: wa mwisho ataingia akute nini?

"Lakini tutamezwa"

Imebaki hofu moja ya kweli. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia, "Kaka, sisi ni wachache. Mkiufungua mlango kwa wote, tutakuta viti vimejaa, na chumba cha kuswalia kitageuzwa stoo ya viti vibovu." Hofu hii isidharauliwe. Uadilifu haumaanishi mchache aachwe akanyagwe na wengi.

Naona tofauti ya vyumba inatatua sehemu kubwa. Chumba cha kuswalia kimejengwa kwa kazi ya swala. Kukilinda kibaki safi, viatu vibaki nje, na kisigeuzwe stoo ni kulinda kazi yake, na asiye Mwislamu muungwana ataelewa bila kugombana. Mabomba ya kutawadhia yakae wazi nyakati za swala. Ukumbi wa kusomea nao umejengwa kwa kazi ya kusoma, na anayestahiki kiti ni anayesoma. Viti vikiwa haba, tugawane kwa haja: wenye mitihani kwanza, walio mbali na makwao, wasio na umeme wanakoishi. Katika orodha hiyo Waislamu watakuwamo kwa haki yao kama wanafunzi, na hakuna atakayewanyooshea kidole.

Ufunguo ni mzigo

Sasa nawajibu wa upande wa pili, wanaosema tuukabidhi ofisini tupumzike. Nao siwaungi mkono. Wakfu una msimamizi, mutawali, na katika wakfu wa Umar msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema tu, bila kujilimbikizia. Mutawali ni mtumishi wa mali isiyokuwa yake. Ufunguo kwa maana hiyo nautaka ukae kwa wanafunzi Waislamu, pamoja na wenzao wasio Waislamu, kwa zamu. Anayeushika ndiye anayefika wa kwanza kufagia na anayeondoka wa mwisho baada ya kuzima taa. Bomba likiharibika siku ya zamu yake, yeye ndiye wa kumtafuta fundi, na chuoni pale mafundi hawakosekani.

Nimewashauri wenzetu mambo matatu, na nayaandika hapa kwa yeyote mwenye jengo kama hilo. Kwanza, masharti ya watoaji yaandikwe na kubandikwa ukutani kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili kizazi kijacho kisibahatishe nia zao. Pili, kuwe na kikapu kidogo cha matengenezo, kila mtumiaji atie anachoweza, kwa sababu jengo lisilo na fungu la matengenezo huanza kufa siku ya utepe. Tatu, siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi ya mtaa, watumiaji wote walikague jengo pamoja, toka paa mpaka mtaro wa maji.

Nabii Zakariya alikuwa seremala. Nabii Daud alifua chuma kwa mikono yake. Nabii Nuh alijenga safina huku watu wakimcheka. Mikono ya ufundi ina heshima yake katika dini hii tangu zamani, na wenzetu wa vyuo vya ufundi wasijione wadogo mbele yetu tunaobeba vitabu. Jengo lile wamelijenga wao. Sasa wanaitwa kulitunza bila kuliita lao.

Tunamwomba Allah (s.w.) azikubali sadaka za waliotoa, waliotajwa na wasiotajwa, amlipe kila aliyeinua tofali kwa kadiri ya wema wake, na atuepushe na masimbulizi yanayobatilisha sadaka. Amin.

Wallahu a'lam.